Fulani Aliyevua Kiatu

Neno Mkombozi nililizoea kabla ya kujua maana yake, kama mtoto anavyolizoea jina la mtaa wake. Nilizaliwa katika nyumba ya Waanglikana wa Unguja, watu wachache miongoni mwa wengi wasiokuwa wa dini yetu, na kila Jumapili mama alitushika mikono, mimi na mdogo wangu wa kike, akatuingiza Kanisa Kuu la Mkunazini kwa upande wa magharibi, tukazipita zile nguzo ambazo husimuliwa kuwa mafundi walizisimamisha juu chini siku ambazo askofu hakuwapo. Ndani mle neno hilo lilitamkwa katika sala, likaimbwa, likahubiriwa, hata likawa halina uzito tena. Mkombozi lilikuwa jina jingine la Yesu, basi. Kwamba jina hilo limetokana na kitenzi, na kwamba kitenzi hicho kina bei, sikujishughulisha nalo mpaka nilipokuwa mtu mzima mwenye mke na watoto, na aliyenifundisha hakuwa padri.

Katika Kiswahili cha mitaani hakuna mtu akomboaye roho. Watu hukomboa bangili, hukomboa hereni, hukomboa baiskeli na redio. Mwenye shida humwendea mwenye fedha, akamwachia kitu chake rehani, akapewa kiasi. Siku akipata hurejea, akalipa alichokopa na cha juu yake, akakomboa. Ni maneno ya kila siku, nayo yana haya kidogo ndani yake, kwa kuwa hakuna apendaye kuonekana mlangoni pa mkopeshaji. Lakini yatazame vizuri, msomaji. Kukomboa si kununua. Nikikiona kitu dukani nikakitolea fedha, nimekinunua. Hakikuwa changu, sasa ni changu. Ninachokikomboa kilikuwa changu tangu awali, kikawa mikononi mwa mwingine, na sikipati ila kwa gharama. Ndani ya kitenzi hicho mna mambo mawili yasiyoachana: bei, na ule wangu wa asili. Na ikiwa kinachokombolewa si kitu bali ni mtu, basi ni bei na udugu.

Waliolitia neno hilo katika Agano Jipya walilisikia katika soko baya kuliko la bangili. Tarehe 5 Juni 1873 Sayyid Barghash alitia saini mkataba uliofunga masoko ya watumwa katika dola yake, na mwaka uleule, siku ya Krismasi, Misheni ya Vyuo Vikuu ikaweka jiwe la msingi la kanisa palepale palipokuwa soko. Askofu Edward Steere aliyesimamia ujenzi ndiye aliyesimamia na tafsiri. Agano Jipya kwa Kiswahili cha Unguja lilitoka mwaka 1879. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 1882, akazikwa nyuma ya altare. Husemwa kwamba altare hiyo imesimama pahala pa mti waliofungiwa watumwa wakichapwa. Sina la kuongeza juu ya hilo, wageni wenye kamera huelezwa kila siku. Ninalotaka kusema ni kwamba pahala pale, masikioni mwa watu wale, kukomboa hakukuwa tamathali ya usemi. Palikuwa na Wakristo waliokaa katika viti vya kanisa hali wakijua waliwahi kutiwa bei gani kwa reale.

Baadaye neno lilipanda cheo. Mwaka 1897 hadhi ya utumwa ilipoondolewa kisheria hapa Visiwani, fidia ililipwa kwa mabwana, si kwa watumwa, na nadhani hiyo ni hesabu ya ukombozi kama mabwana walivyoielewa. Miaka ya 1960, Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilipokaa Dar es Salaam, neno likavaa magwanda na kushika bendera. Yote hayo ni matumizi halali. Lakini kila lilipopanda, ule udugu ulibakia chini.

Bibi mzaa bibi yangu aliletwa Unguja akiwa mtoto, akashushwa kutoka katika jahazi lililokamatwa na manowari ya Kiingereza, akapelekwa Mbweni, katika shamba la misheni ambako wasichana wa namna yake walilelewa na kufundishwa. Alikufa kabla sijazaliwa. Kilichonifikia kutoka kwake ni mambo matatu tu: kwamba aliukumbuka mto, kwamba alimkumbuka mama yake akitwanga, na kwamba kwa miaka mingi, kila walipoletwa watu wapya Mbweni, alikwenda kuwatazama nyuso. Alikuwa akimtafuta jamaa. Hakumpata. Jina aliloitwa kando ya mto ule halikutufikia. Tunalo lile la ubatizo. Sisi wajukuu zake tulikua tukijua kuwa tumetokana na mtu ambaye hakuna ndugu aliyemjia, na kwamba wageni ndio waliomchukua kuwa wao. Nalitaja hili mapema ili ionekane kwamba nilikuwa na kila sababu ya kutenda vyema zaidi ya nilivyotenda.

Mama alikuwa mshoni. Cherehani yake ilikuwa ya miguu, nyeusi, yenye maandishi ya rangi ya dhahabu yaliyofutika kwa kupanguswa, na kwa cherehani hiyo alitulea baada ya baba kufariki. Sare zangu za skuli zilitoka hapo, na ada zangu, na nauli yangu nilipokwenda chuo cha ualimu. Usiku nililala kwa mlio wake. Alipokufa hapakuwa na mjadala wa urithi: mimi nilikuwa na mshahara, mdogo wangu alikuwa na mikono ya mama, basi cherehani ikahamia chumbani kwake Miembeni, naye akaishi kwayo, akishona mashuka, sare na nguo za sikukuu.

Mwezi wa Oktoba 2009 mwanawe wa pili aliugua, akalazwa wiki tatu. Mume wake alikuwa baharini. Mdogo wangu hakuniambia. Aliichukua cherehani kwa gari la ng'ombe akaipeleka rehani kwa mtu mmoja wa mjini, akapewa shilingi laki moja na nusu. Mtoto alipona, Mungu ashukuriwe. Mwisho wa Novemba akanijia skuli, akangoja chini ya mti mpaka nikatoka darasani.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Wazima nyumbani?"

"Wazima. Kaka, cherehani ya mama nimeiweka rehani. Wanataka laki moja na elfu tisini na tano, na mwezi ukiingia itazidi. Nikomboe."

Hakusema niikomboe. Alisema nimkomboe yeye, na wakati ule niliona ni kosa la mtu aliyechoka.

Nikamwambia, "Mdogo wangu, mwezi huu mkono wangu mfupi." Kabatini kwangu, chini ya mashuka, palikuwa na bahasha yenye shilingi laki sita na elfu arubaini. Nilikuwa najenga Fuoni; kuta zilikwishasimama, na fedha hizo zilikuwa za mabati. Nilijiambia kwamba bei ya bati ingepanda. Nilijiambia kwamba leo ni cherehani na kesho litakuja jingine, na kwamba kumpa mtu kila anapoomba ni kumlemaza. Nilikuwa mwalimu, nilijua kupanga hoja. Na nilikuwa mzee wa kanisa, nilijua hata aya za kuziegemeza hoja hizo. Yeye akaitikia, "Haya kaka, si neno," akaondoka, nami nikarudi kusahihisha madaftari.

Wanaoikumbuka Unguja ya mwisho wa mwaka ule watajua kilichofuata. Tarehe 10 Disemba umeme utokao Bara kwa waya wa chini ya bahari ulikatika kisiwa kizima, ukarudi mwezi wa Machi 2010. Miezi mitatu tuliishi kwa taa za mafuta na ndoo za maji, na majenereta yakivuma mbele ya maduka ya wenye uwezo. Washoni wenye cherehani za umeme walikaa barazani mikono mitupu, ilhali skuli zilikuwa zinakaribia kufunguliwa Januari na kila mzazi anatafuta sare. Mtu mwenye cherehani ya miguu siku zile alikuwa amepewa mlango wa riziki. Cherehani ya mama yangu ilikuwa imefunikwa gunia katika ghala la mtu.

Mwezi wa Februari nilipita Miembeni jioni, na nilipoingia uchochoroni nikausikia mlio. Nilisimama. Nilimwona mdogo wangu kwa dirishani, ameinama kwenye mwanga wa kandili, mguu wake unakwenda kama mguu wa mama. Sikuuliza. Nilidhani mumewe amerudi na fedha. Na hili ndilo jambo ninaloona uzito kuliandika kuliko lile la bahasha: nilimshukuru Mungu. Pale uchochoroni nilisali sala fupi ya shukurani, kwa moyo mwepesi kabisa, kwamba Bwana amelitatua jambo bila ya kupitia kwangu. Kisha nikaenda kunywa chai kwake.

Ilinichukua miaka minne kujua aliyelipa.

Miaka iliyofuata haikuwa myepesi kwetu. Mwaka 2012 yalichomwa makanisa, Novemba ya mwaka huo sheikh mmoja akamwagiwa tindikali, na Februari 2013 padri mmoja Mkatoliki akapigwa risasi akafa. Jamaa wa Bara wakawa wanatupigia simu kutuuliza tunaishije na Waislamu, kama kwamba tumehamia jana. Mimi sikuwa na jibu fupi la kuwapa. Lakini hofu ilikuwapo, na ni hofu iliyozikusanya familia zetu chache kusali pamoja majumbani. Kwaresima ya 2014 tulikubaliana kusoma kitabu cha Ruthu, jioni nne, sura nne, na sura ya nne nikapewa mimi kuiongoza, kwa kuwa ni mwalimu.

Nilijitayarisha vizuri. Msomaji anayekijua kitabu hicho atanivumilia nikikumbusha. Naomi amerudi Bethlehemu kutoka Moabu, mjane, wanawe wamekufa, amefuatana na mkwewe Ruthu ambaye ni mgeni. Shamba la marehemu mumewe, Elimeleki, linataka kwenda kwa wengine. Sheria ya mambo hayo imo katika Mambo ya Walawi, sura ya 25: ndugu akifilisika akauza ardhi, jamaa wa karibu ataikomboa, na akifilisika zaidi hata akajiuza mwenyewe kwa mgeni, atakombolewa na ndugu, au ami, au mwana wa ami, au jamaa yeyote wa damu. Angalia mpango wake. Ndugu ndiye wa kwanza. Kiebrania kina neno moja kwa mtu huyo, goeli, nalo halitofautishi jamaa na mkombozi: anakomboa kwa sababu ni jamaa, na ujamaa wake unajulikana kwa kukomboa. Ndilo neno lilelile la Ayubu anapojipa moyo, katika mateso yake, kwamba anaye mmoja aliye hai atakayesimama upande wake. Biblia yetu ya Muungano imelitafsiri pale kuwa Mteteaji. Ni tafsiri nzuri, ila inamwondolea Ayubu ndugu.

Boazi, basi, anakwenda langoni. Lango la Bethlehemu lilikuwa kama baraza zetu: pahala pa kukaa, kusalimiana, kusuluhisha na kushuhudia. Anaketi. Anapita jamaa aliye karibu zaidi na marehemu kuliko yeye, anamwita, anamkalisha, anawakalisha na wazee kumi. Anamweleza habari ya shamba. Jamaa anasema mara moja kuwa atalikomboa, na kwa nini asikubali, ardhi ni ardhi. Ndipo Boazi anapoongeza kuwa pamoja na shamba yumo Ruthu Mmoabu, na jina la marehemu la kuinuliwa katika urithi wake. Maana yake mtoto atakayezaliwa atalichukua shamba lililogharimiwa. Jamaa anarudi nyuma. Anasema hawezi, asije akauharibu urithi wake mwenyewe. Kwa desturi ya zamani anavua kiatu, anampa Boazi, mkataba umekwisha. Na tangu hapo hatumsikii tena.

Boazi anapomwita mtu huyo pale langoni, mwandishi wa kitabu hamtaji kwa jina. Padri mmoja aliyesoma Kiebrania aliwahi kunieleza kwamba maneno yaliyoandikwa ni peloni almoni, na kwamba peloni ni ndugu wa neno la Kiarabu fulan, ambalo sisi tumelipokea na kulifanya letu. Jamaa aliye karibu zaidi, mwenye haki ya kwanza na wajibu wa kwanza, ameingia katika Maandiko Matakatifu kwa jina la Fulani. Wafasiri wengi husema hiyo ni adhabu: aliogopa kulipoteza jina lake, basi likapotea. Mathayo anapotaja nasaba ya Yesu anamtaja Boazi, anamtaja na Ruthu, na mwana wao Obedi; Fulani hayumo. Ni maelezo mazuri, yanafaa darasani. Niliyaandika katika daftari langu, na ule ndio ungekuwa mwisho wa somo.

Nilikuwa nimefika hapo, mbele ya watu kumi na wanane katika chumba kimoja, mdogo wangu amekaa kwenye mkeka karibu na mlango, nikauliza, kama walimu tunavyouliza bila ya kutaraji jibu, "Je, kuna aliyewahi kumwona Boazi?"

Mdogo wangu akasema, "Mimi nimemwona. Anauza vitumbua."

Watu wakacheka. Akasimulia. Mwaka ule wa kiza, alisema, jirani yake, bibi wa Kiislamu ambaye mtaa mzima tulikula vitumbua vyake, alimjia usiku akamwuliza mbona hasikii cherehani. Akamwambia imekwenda rehani. Yule bibi alikuwa katika upatu wa wanawake kumi na mmoja, kila mmoja elfu ishirini kwa mwezi, na mwezi ule ilikuwa zamu yake kupokea. Fedha hizo alikuwa ameziweka kwa safari ya Pemba: mjukuu wake alikuwa anaolewa Wete. Akaenda mwenyewe kwa mwenye ghala, akalipa, akairejesha cherehani kwa gari la ng'ombe, na Wete akapeleka pea ya kanga na salamu. Mdogo wangu alimlipa kidogo kidogo kwa sare alizozishona usiku. Alipomwuliza, "Bibi, kwa nini?" yule bibi akamjibu, "Mwanangu, mlio wa cherehani ile nimeuzoea. Kimya chake kilikuwa kikininyima usingizi."

Watu wakacheka tena. Mwanamke mmoja akauliza, "Na ndugu zako je? Hukuwaendea?"

Mdogo wangu akaitengeneza kanga yake begani. Akasema, "Nilimwendea mtu fulani kwanza. Hakuwa na nafasi."

Hakunitazama. Wala hakuepuka kunitazama, jambo ambalo lingenifichua vilevile. Alisema tu hivyo, mtu fulani, kwa sauti ileile aliyosimulia bei ya sare, na mazungumzo yakaendelea kwa mtu mwingine. Sikumbuki nilivyolifunga somo. Nakumbuka nilikuwa nimeshika daftari lenye maneno kwamba Fulani alinyimwa jina ili aadhibiwe, na nikiwa mbele ya watu kumi na wanane nikaona kwamba nimekisoma kitabu kwa miaka yote bila ya kukifahamu.

Kwani nani asiyemjua yule mtu kule Bethlehemu? Mji ulikuwa mdogo. Wazee kumi walikuwapo, na wapita njia. Boazi alimwita, na humwiti mtu anayepita njiani kwa kumwambia "ewe fulani." Alimwita kwa jina lake, naye akageuka. Alikuwa na mke, na pengine wana, na wana wa wanawe walikuwapo kisa kilipokuwa kikisimuliwa nyakati za mavuno. Aliyeandika angeweza kuliandika jina hilo likasomwa mpaka leo, likawa tusi katika kila lugha, kama la Yuda. Hakuliandika. Zamani baadhi ya marabi, nimesoma, hawakuridhika na pengo hilo, wakasema jina lake lilikuwa Tobu, yaani mwema, kwa kulisoma neno moja la sura ya tatu kuwa ni jina. Nadhani nao walikuwa wakimwonea huruma.

Watu wa pwani, wa misikitini na wa makanisani, tunalo neno kwa jambo hilo. Tunasema amemsitiri. Aibu ya mtu haisitiriwi kwa sababu haipo, wala kwa sababu ni ndogo. Inasitiriwa kwa sababu yeye ni wetu na ataendelea kuishi nasi. Mkwe wa mtu huyo atakuja kuchota maji kisima kimoja na Ruthu. Hapo ndipo nilipoona kwamba katika sura ile waliokombolewa ni wengi kuliko nilivyohesabu. Shamba limekombolewa, Naomi amekombolewa, jina la marehemu limekombolewa. Na yule aliyekataa kukomboa, ambaye kwa sheria hakuwa na la kujitetea, naye amefunikwa nguo asionekane uchi wake. Ni nani aliyelipa bei ya hilo, sijui. Labda aliyesimulia. Msimulizi aliyekasirika hulipa kitu anapolimeza jina.

Mababa wa Kanisa walibishana sana, katika karne ya nne, fidia ya msalaba ililipwa kwa nani. Gregory wa Nyssa aliona alilipwa Ibilisi, Gregory wa Nazianzus akachukizwa na wazo hilo. Mimi si mwanateolojia, na mjadala huo sasa hunichosha upesi. Ni mazungumzo ya watu wanaomtazama mwenye ghala. Mdogo wangu hakumtaja mwenye ghala hata mara moja. Kitabu cha Ruthu nacho hakimtaji. Wanawake majirani ndio wanaomaliza kisa kile, na ndio wanaompa mtoto jina.

Sitaki msomaji adhani ninajipaka mafuta. Kusitiriwa si kusamehewa deni. Yule mtu alirudi nyumbani kwake na kiatu kimoja mguuni, na lazima mkewe alimwuliza kingine kiko wapi. Nami jioni ile, tulipotoka, nilimsindikiza mdogo wangu mpaka Miembeni kwa miguu. Tulikwenda kimya mpaka karibu na uchochoro wake. Kisha nikasema, "Bahasha ilikuwapo. Siku ile ulipokuja skuli. Fedha nilikuwa nazo."

Akasema, "Najua, kaka. Wifi aliniambia zamani."

"Lini?"

"Mwaka uleule. Alikuja analia."

Kumbe walikuwa wawili. Miaka minne walikuwa wakijua, mmoja ndani ya nyumba yangu, chini ya mabati yale, na mwingine akinimiminia chai kila nilipopita, na hakuna aliyenionyesha kwa uso. Nilitaka kusema jambo. Nilikuwa na maneno mengi ya Kwaresima. Yeye akawa anatafuta ufunguo katika pindo la kanga, na mlangoni pa jirani kaango lilikuwa bado motoni. Yule bibi akatuamkia kutoka kizani, tukamshikia miguu sote wawili, akaitikia marahaba, akauliza huyu ndiye kaka mwalimu, mdogo wangu akasema ndiye.

"Karibu kitumbua, mwalimu."

Nikakaa barazani kwake nikala. Sikuweza kusema lolote la maana, nikauliza habari za mjukuu wa Wete. Ana watoto wawili, akasema, na wa pili kafanana naye. Mdogo wangu alikwisha kuingia ndani. Akachungulia dirishani, kandili nyuma yake ingawa umeme ulikuwapo, kwa kuwa ameuzoea mwanga huo anapotunga uzi.

"Kaka," akasema, "kesho ukipita Darajani niangalizie mkanda wa cherehani. Huu umeanza kuchanika."

Nilimwuliza wa urefu gani. Akanikatia kipande cha uzi, kipimo chake, nikakitia mfukoni mwa shati, na asubuhi, kabla maduka hayajafunguliwa yote, nilikuwa Darajani nikiukunjua mbele ya muuzaji.